Nafasi ya Mshono

Siku ya kwanza mlinzi wa jumba la sanaa alimdhania mwizi. Siku ya pili akamwona mwehu. Siku ya tatu, alipomkuta tena mbele ya sanamu ileile, daftari mkononi na tepu ya kupimia nguo imening'inia shingoni, akasema liwalo na liwe, akamfuata.

"Dada, chumba hiki kina sanamu arobaini na mbili. Huyu mmoja amekukosea nini?"

"Hajanikosea, afande. Nampima."

"Unampima?"

"Suruali." Halafu akacheka, maana mlinzi alikuwa amekunja uso kweli. "Nakutania. Mimi ni fundi cherehani, hilo ni kweli, lakini huyu namchora. Baba yangu anamchonga mwenzake."

Sanamu yenyewe ilikuwa ya Mtakatifu Seremala. Angesimama chini, angemfika mtu mzima kifuani. Kwapani kushoto amebana randa, kiwiko kimetokeza, na mkono wa kulia ameunyoosha mbele, kiganja wazi, kama mtu anayemsaidia mwenzake kuvuka mtaro. Walichongwa wawili, gogo moja, fundi mmoja, yule aliyemfundisha kazi baba wa fundi cherehani. Mmoja akapelekwa kanisani, akawekwa kwenye kishubaka ukutani. Wa pili akaishia humu, akazungushiwa kamba. Yule wa kanisani mchwa walimla kwa ndani, wakamwachia rangi tu, mpaka siku moja mfagiaji alipompitishia kitambaa usoni na kidole chake kikazama shavuni.

"Si umpige picha kwa simu, ukaenda zako?" mlinzi aliuliza.

"Picha haina mgongo, afande. Na baba picha haioni. Presha ya macho imemwachia mwanga na vivuli."

Mlinzi alikuwa na neno la kusema juu ya mchongaji asiyeona, lakini alilimeza, na hilo lilimwongezea heshima machoni pa fundi cherehani.

Basi alimwacha achore. Na kwa kuwa mtu hawezi kumtazama mtakatifu saa nne mfululizo, fundi cherehani aliwatazama na watu. Alikuja bwana mmoja aliyesoma kibao chote cha maelezo, neno kwa neno, akaondoka bila kuinua macho kumwangalia mwenye maelezo. Wakaja wapenzi wawili waliompa mtakatifu mgongo wakajipiga picha. Akaja mama mmoja mnene aliyeangalia kushoto, akaangalia kulia, akanong'ona maneno mafupi, akaenda zake haraka kama aliyeiba. Wengi, wakubwa kwa wadogo, walifanya kitu kimoja: walisimama, wakautazama ule mkono ulionyooshwa, na wao wakaanza kunyoosha wa kwao.

"Usiguse!" mlinzi alisema.

Alisema hivyo mara kumi na nne kabla ya saa sita. Fundi cherehani alihesabu.

"Afande, mkono wa koti lako umefumuka."

Mlinzi aliangalia. Kweli, kila aliponyoosha kidole kukataza watu, mshono wa kwapa ulifumuka kidogo zaidi. Fundi cherehani hakungoja ruhusa. Alichomoa sindano yenye uzi aliyoichomeka chini ya kola, akamgeuza mtu mzima huyo kama anavyogeuza mteja, akashona pale pale wamesimama, akakata uzi kwa meno.

Mlinzi alinyoosha mkono juu, akaushusha, akaunyoosha tena. Kisha akaenda mlangoni, akachungulia ukumbini, akarudi akainua kamba.

"Dakika tano. Ukimgusa tu, mimi na wewe hatujuani."

"Wewe umewahi kumgusa?"

"Miaka kumi na tisa nimekaa naye zaidi kuliko nilivyokaa na mke wangu. Sijamgusa hata kwa ukucha. Hata vumbi lake lina mtu wake, anakuja na glavu."

Fundi cherehani aliingia ndani ya kamba. Aliinyoosha tepu hewani, upana wa kucha tu kutoka kwenye mti, akampima mtakatifu bega kwa bega, kiwiko kwa kiwiko, shingo mpaka kifundo cha mguu. Aliandika haraka, mistari miwili kwa kila kipimo, mkono ukienda wenyewe bila kuulizwa, kama unavyokwenda kila siku na kila mteja tangu alipoanza kazi. Dakika ya tano ilipokwisha alikuwa amemaliza mpaka unene wa mgongo, na alitoka pale akijiona mjanja kuliko watu wote mjini.

*

Nyumbani baba yake alikuwa ameketi uani, karibu na gogo. Mtaani walimwita Mzee Patasi, na hata sasa, alipokuwa hawezi kuona mlango mpaka augonge kwa paji la uso, hakuna aliyethubutu kumwita vingine.

Fundi cherehani alitandaza karatasi ya kaki mezani. Alichora tena kwa vipimo vyake vya siku ile, kisha akachukua kile kigurudumu chenye meno ambacho mafundi nguo hunakilia mitindo, akakipitisha juu ya kila mstari, akikandamiza. Akaigeuza karatasi. Kila mstari ulikuwa umeota vipele upande wa pili. Mzee Patasi aliweka vidole vyake pale, akaanza kutembea.

"Hili bega."

"Bega la kushoto, baba."

"Najua ni la kushoto, limebeba randa. Mwalimu wangu alikuwa na bega hivihivi. Alijichonga mwenyewe, mzee yule, akasingizia mtakatifu." Vidole vikaendelea. "Sasa niambie. Watu wanafanyaje mbele yake?"

Swali hilo aliliuliza kila jioni, kabla hata ya kuuliza kama mwanawe amekula. Kwake, mchoro ulieleza nusu tu ya sanamu. Nusu nyingine ilikuwa kwa watu, mahali macho yao yanapotua na mahali yanapokimbilia.

"Wanaanza mkononi. Usoni wanafika baadaye, wengine hawafiki kabisa. Wanataka kumshika."

"Wanamshika?"

"Wanakatazwa."

Mzee Patasi alitikisa kichwa. "Basi mkono ndio utakula mti mzuri kuliko wote."

Mama alitoka jikoni akifuta mikono. "Mwenyekiti anakuja huyo, na lile gazeti lake."

Mwenyekiti wa kamati ya kanisa alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, na ustaafu wenyewe aliuchukua kama likizo tu. Gazeti alilosema mama lilikuwa kitabu cha picha za sanamu za plasta, zinazotoka kiwandani zimekwisha kupakwa rangi, mashavu mekundu, macho ya buluu. Alikifungua juu ya karatasi ya kaki bila kuuliza.

"Mzee wangu, kamati imekaa. Tunakuheshimu, hilo lisikupe shaka. Lakini tukingoja wiki sita, halafu... unanielewa. Hii ya kiwandani iko tayari."

"Kamati ilinipa wiki sita. Zimebaki tano."

"Sawa. Ila kamati itaniuliza." Akainua mkono mbele ya uso wa mzee. "Hivi ni vidole vingapi?"

Mama aliacha kufuta mikono. Fundi cherehani alihisi damu inampanda mpaka masikioni. Mwanamume aliyechonga milango ya nusu ya mji huu, anaulizwa vidole mbele ya mkewe kama mtoto wa chekechea!

Mzee Patasi hakukunja hata uso. Alinyoosha mkono taratibu hewani mpaka akaukuta ule wa mwenyekiti, akaupapasa.

"Vitatu," alisema. "Na hiki cha mwisho ulikivunja ukiwa mdogo, kikaungwa vibaya. Mvua zikija kinakuuma."

Mwenyekiti aliutoa mkono wake kama aliyeunguzwa. Alikohoa, akakusanya kitabu chake, akasema wiki tano si haba, akaaga.

"Usiache mbachao kwa msala upitao," mama alimwambia akiwa mlangoni, kwa sauti tamu kabisa. Alipokwisha kupita, akamgeukia mumewe. "Lakini na wewe, mzee. Kidole kweli kinamuuma?"

"Nitajuaje? Nimekisia tu."

Walicheka wote watatu. Ila mama alipoingia jikoni, Mzee Patasi alimwita binti yake karibu na kumwambia kwa sauti ya chini kwamba hii ndiyo ya mwisho. Hakulalamika. Alisema tu kwamba mwanga wa mwaka jana na wa mwaka huu si mmoja, na kwamba angependa watu wakumbuke kazi yake ya mwisho ilikuwa hii, wasikumbuke ile meza ya mwaka juzi iliyokwenda upande.

"Watakumbuka hii," fundi cherehani alisema.

*

Wiki tano zikaenda kwa sauti ya nyundo ya mti. Asubuhi fundi cherehani alishona nguo za watu, mchana alikwenda kwa mtakatifu, jioni alirudi na karatasi mpya ya vipele. Mzee Patasi aliweka mkono wa kushoto kwenye karatasi na wa kulia kwenye gogo, akasoma hapa, akakata pale. Binti yake alimsimamia kwa tepu na daftari: hapo toa, hapo acha, hapo umefika, baba, usiende tena. Uso ulipotokea, majirani walikuja kuchungulia juu ya ukuta wa ua, na mmoja wao, mtu wa maneno mengi siku zote, alisema "Haya" tu akarudi kwake.

Mkono ndio uliobaki. Huo Mzee Patasi hakutaka kuusoma kwenye karatasi. Alimwita mkewe, akamkalisha kwenye kigoda.

"Nyoosha mkono."

"Nina nguo kwenye beseni."

"Nyoosha, mama."

Kwa siku nne mama aliketi pale kiganja wazi, mumewe akikishika, akikiacha, akigeukia mti, akirudi kukishika. Akamchongea mtakatifu ngozi ngumu ya chini ya vidole, na ule mfereji ulioachwa na pete isiyovuliwa miaka arobaini.

"Kwa hiyo mtakatifu ana mkono wa mfua nguo," mama alisema.

"Kwani yeye nguo zake nani alimfulia?"

Mama alitazama pembeni. Baadaye alimwambia binti yake kwamba tangu siku ya harusi hajawahi kushikwa mkono muda mrefu hivyo, na kwamba nguo za kwenye beseni zilichacha lakini shauri yao.

*

Alhamisi ya mwisho walimpeleka kanisani kwa mkokoteni, amefungwa kwa mashuka. Kamati yote ilikuwepo. Shuka la mwisho lilipoanguka, mtu mmoja akapiga makofi, kisha wote. Hata mwenyekiti alipiga, polepole kidogo, kama anayesahihisha mtihani wa mtoto asiyempenda na kukuta amepata zote.

Wanaume wanne wakamwinua mpaka kwenye kishubaka. Hakuingia.

Walimgeuza. Hakuingia. Walimshusha, wakamwinua tena kwa upande, mmoja akibanwa vidole na kutamka neno lisilotamkwa kanisani. Kiwiko chenye randa kiligonga ukingo huu, bega likagonga ule. Alizidi upana wa vidole viwili tu. Vidole viwili huku, viwili huku.

"Haiwezekani," Mzee Patasi alisema. "Kile kishubaka kilikuwa kinampokea mwenzake, na nafasi inabaki. Vipimo ni vilevile."

Fundi cherehani alikuwa amekwisha kufungua daftari. Aliusoma ukurasa wa siku ile ya dakika tano, akaona. Kila kipimo kilikuwa na mistari miwili. Wa juu, kipimo cha mwili. Wa chini, kipimo cha kukatia kitambaa, kimeongezwa vidole viwili huku na viwili huku, kama anavyoongeza kwa kila mteja, maana asiyeacha nafasi ya mshono atashona gauni lisilovalika. Na yeye kwenye karatasi ya kaki hakuwahi, tangu alipojifunza kazi, kuchora kitu kingine isipokuwa mstari wa chini.

Angeweza kunyamaza. Macho ya baba yake yangebeba lawama yote, na watu walikuwa tayari kuyabebesha. Mwenyekiti alikwisha kuanza kusema jambo juu ya kuielewa hali ya mzee.

"Kosa ni langu," fundi cherehani alisema, kwa sauti iliyofika mpaka mlangoni. "Baba amechonga nilichompa. Mimi nimemwekea mtakatifu nafasi ya mshono."

Mtu wa nyuma alicheka. Wengine wakafuata. Yeye alisimama, akawaacha wacheke mpaka wakachoka.

"Sawa, si neno," mwenyekiti alisema. "Mti unapungua. Toa hicho kiwiko, mzee, na hiyo randa. Punguza na bega. Bila hivyo kamati itarudi kwenye ile ya kiwandani, na mimi sitakuwa na la kuitetea hii."

Mzee Patasi akapapasa mfukoni, akatoa patasi.

Binti yake hakuwahi kuona kitu kilichomuuma kuliko hicho. Mkono wa kushoto ulipanda juu ya kile kiwiko alichokisoma kwa vipele siku tisa, ukitafuta mahali pa kukikata. Mzee alikuwa amechoka, na alitaka kumpa mtu huyu anachotaka aende nyumbani.

"Baba, usikate."

"Mwanangu, kimezidi."

"Kimezidi kishubaka. Hakijazidi mtakatifu. Ukitoa randa huyu si seremala tena, ni mtu tu anayeomba kitu."

"Binti, wewe umekwisha kutuharibia mara moja," mwenyekiti alisema.

Hapo ndipo mama, aliyekuwa ameketi benchi la mbele akipumzisha magoti, alipouliza swali lake. Hakumuuliza mtu fulani.

"Kwani lazima apande?"

Watu wakamgeukia.

"Miaka yote hiyo yuko juu kule, sisi tunamtazama kidevu. Shingo zinatuuma. Mimi mchwa wamemla mtakatifu nisijue, kwa sababu sijawahi kumwona kwa karibu." Akainuka, akamsogelea pale alipokuwa chini, kwenye sakafu, akauweka mkono wake ndani ya ule uliochongwa kwa kuufuata wake. Ulikaa barabara. "Mzee wangu, irudishe hiyo patasi mfukoni."

Mzee Patasi aliirudisha.

Mfagiaji, yule aliyezamisha kidole shavuni, alikuja nyuma ya mama na kitambaa chake, akasema anapangusa vumbi la njiani. Alipangusa kiganja kimoja muda mrefu sana. Akafuata mmoja wa wale wabebaji, mwenye vidole vilivyobanwa. Kamati ikatazamana.

"Basi akae hapo," mwenyekiti alisema mwishowe. "Kwa muda."

Kwa muda! Watu wazima wanajua maneno hayo huchukua miaka mingapi.

Walipokuwa wakisukuma mkokoteni mtupu kurudi nyumbani, Mzee Patasi alitembea amemshika binti yake bega. Karibu na kona ya kwao akaanza kucheka peke yake.

"Miaka hamsini kazi yangu ni kupunguza. Sikujua nimezaa mwongezaji."

"Nisamehe, baba."

"Nikusamehe nini? Ungepima sawasawa, leo angekuwa juu kule, hakuna wa kumshika mkono."

*

Jumapili ya tatu, ibada ilipokwisha na watu wakapungua, aliingia mwanamume mmoja mwenye koti lililopigwa pasi mpaka likang'aa. Fundi cherehani, aliyekuwa akimngoja baba yake amalize salamu za watu, aliutambua mshono wa kwapa kabla hajamtambua mtu.

"Afande! Umefikaje?"

"Nimeuliza. Nimeambiwa kanisa ambalo mtakatifu wake amekataa kupanda."

Alimzunguka Seremala mara mbili, mikono ameifunga nyuma, kama alivyozoea kazini. Alimwangalia mgongo, akaiangalia randa, akasimama mbele. Akasema huyu amenenepa kidogo kuliko wake. Fundi cherehani akamjibu kwamba huyu anakula vizuri.

Kiganja cha mtakatifu kilikuwa kimeanza kubadilika. Wiki tatu tu, na katikati yake palikuwa pamenawiri kwa mafuta ya mikono ya watu, pakang'aa kupita msasa wowote. Mlinzi aliinama akapatazama. Mkono wake ukatoka nyuma, ukafika nusu ya njia, ukasimama hapohapo hewani. Akageuka kuangalia mlangoni, kisha nyuma yake, akimtafuta mtu wa kumkataza.

Mzee Patasi alikuwa amekaribia kwa kufuata sauti. "Ni nani huyo?"

"Ni yule mlinzi, baba. Aliyeinua kamba."

"Anafanyaje mbele yake?"

Fundi cherehani alitazama. "Anaogopa."

"Mwambie huyu hana kamba."

Mlinzi alisikia. Aliufuta mkono wake kwenye suruali, mbele na nyuma, kisha akaushika ule wa mtakatifu, na hakuuachia mpaka mfagiaji alipokuja kuuliza kama anaweza kufunga madirisha.